Buti halibamizwi

Jumamosi alfajiri pale Feri, soko la samaki Dar es Salaam, nimeinama napanga ndoo ya samaki, mlango wa buti la gari langu ukashuka ukanipiga kisogoni. Wiki mbili nikautegemeza kwa mpini wa fagio. Jana nikaenda kwa fundi magari mtaa wa Gerezani.

Fundi akanionyesha zile shokapu mbili nyembamba zinazoubeba mlango wa buti: moja imelowa oili shingoni. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwa nguvu, na oili kidogo. Sili, yaani mpira unaoziba shingoni, ikichoka, gesi inavuja polepole na mlango unakosa wa kuubeba. Haijazwi upepo kama tairi; unabadilisha, tena zote mbili, maana mpya moja peke yake itabeba mlango upande mmoja. Akazifunga hivi: buti likifungwa, fimbo ya shokapu inatazama chini ili oili iilainishe sili. Zile kuukuu akanikataza kuzitoboa au kuzitupa motoni, kwa sababu zinaweza kulipuka.

“Dada yangu, na usilibamize.”

Sasa naushusha mlango kwa kiganja, taratibu, hadi karibu na kitasa, halafu nausukuma kidogo tu. Vijana wanaonipakilia mzigo nawaambia mapema: kaka, kufunga niachie mimi.