Mbalamwezi ikifika, tunapima presha

Mwezi ukishakuwa duara, soko letu la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, hupoa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani kwa taa. Anga likiwa jeupe taa haiwaiti, basi mitumbwi inavutwa pembeni, wavuvi wanashona nyavu na kulipa usingizi, na sisi wachuuzi tunabaki na magunia ya akiba na umbea. Miaka yote siku hizo nilizitumia kufua, kwenda misibani na kudai madeni. Sasa ndizo siku zetu za kupima afya, na haikuwa kazi nyepesi kufika hapo.

Nina miaka 53. Kikoba chetu kina wanachama 24, na wengi tumeshaipita 45. Mwaka juzi mweka hazina wetu alianguka alfajiri akijiandaa kwenda kupokea mzigo. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukagoma, maneno yakawa yanatoka nusunusu. Hospitali wakakuta presha 210 kwa 120. Mumewe alipoulizwa anatumia dawa gani, akajibu kwamba mkewe hajawahi kuumwa hata siku moja. Hakusema uongo, kwa sababu presha haiumi. Unaweza kubeba debe kichwani miaka kumi ukiwa nayo, ukacheza ngoma harusini, ukamsema jirani kwamba anaonekana mgonjwa.

Mfuko wa jamii wa kikoba, ule tunaochangia kwa ajili ya misiba na magonjwa, uliisha wote kwa matibabu yake kwa muda usiozidi wiki sita. Mimi ndiye katibu. Ile sifuri niliiandika kwa mkono wangu.

Baada ya hapo kila mtu alisema “lazima tukapime” na hakuna aliyekwenda, mimi nikiwemo. Wanaosema ni uzembe hawajui sokoni kwetu. Mzigo unashuka kabla jua halijachomoza. Asiyekuwepo bei inampita. Ukiamua kwenda kituo cha afya saa mbili asubuhi unaweza kutoka saa nane mchana, na siku imekwenda na wateja wako wamezoea meza ya mwingine. Halafu kuna ile kauli ya hapa, ukitafuta ugonjwa utaupata. Mimi niliisema sana. Niliiona ni busara hadi nilipogundua kwamba sijawahi kuisema kuhusu panya kwenye stoo ya dagaa. Panya huwa nawatafuta.

Nilikwenda peke yangu, kwa siri, kituo ambacho sitakitaja. Nyumba zetu za Mwanza unazijua, mawe juu ya mawe. Nilipanda nikafika nahema, nimebanwa mkojo, nimevaa sweta. Nikakaa tu nikafungiwa kile kitambaa cha mashine juu ya mkono wa sweta, na mhudumu akawa ananihoji jina la mtaa na jina la balozi huku mashine inavuma. Ikasoma 172 kwa 104. “Mama, una presha kali sana.” Hakurudia. Nikaandikiwa dawa, nikatoka na karatasi, magoti yanacheza. Dawa nilinunua, nikaificha chini ya kanga kabatini, sikumeza hata kidonge.

Jumapili alikuja binti wa marehemu dada yangu, ambaye ni muuguzi. Nikamsimulia kama vile ni habari za mtu mwingine. Akacheka, akaniambia, “Mama mdogo, huyo mtu wako hajapimwa, kafungwa kitambaa tu.” Akaenda kuleta mashine yake. Akaniambia nikakojoe kwanza. Chai nisinywe nusu saa kabla. Nikae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu yote miwili chini bila kupandisha mmoja juu ya mwingine, mkono mtupu umelala mezani usawa wa moyo, na nisiongee. Hilo la kutoongea ndilo lililonishinda. Akapima mara mbili, akaacha dakika moja katikati. Akaniachia ile mashine nijipime asubuhi na jioni kwa siku saba, niandike.

Wiki nzima nilikuwa naomba wale wa kituoni wawe wamekosea. Na kweli walikosea: sikuona tena 172. Niliona 154 kwa 96, 149 kwa 94, 151 kwa 92. Nikampelekea daftari nikiwa na furaha. Akalisoma taratibu, akasema kwa vipimo vya nyumbani kuanzia 135 kwa 85 inahesabiwa iko juu, kituoni ni 140 kwa 90. “Kipimo chao kilikuwa kibaya, mama mdogo. Lakini presha unayo.”

Basi nikakubali. Nikarudi kwa daktari, safari hii kituo kingine, nikaandikiwa amilodipini, kidonge kimoja kwa siku. Miguu ilivimba kidogo mwanzoni, nikarudi kusema badala ya kuacha, dozi ikapunguzwa na nikaongezewa dawa nyingine. Nilipomuuliza daktari kuhusu ile hofu ya watu, kwamba dawa ya presha ukianza huachi, alinijibu kuwa ni sawa na mtumbwi unaovuja: unakumba maji kila siku kwa sababu tundu lipo, si kwa sababu umezoea kukumba. Chumvi nayo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu unachokula, na mimi nilikuwa napenda kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Sasa naiuza, siili. Karibu siili.

Nikabaki na Baba Kulwa. Mume wangu ni fundi wa injini za boti, ana miaka 58, na neno “kupima” kwake lilikuwa na maana moja tu: tezi dume na kidole. Wanaume wa gereji yao walikuwa wameshalifanyia vichekesho hadi mtu mzima anaona aibu hata kupita karibu na geti la hospitali. Nilijaribu kumweleza kwamba kuna kipimo cha damu, PSA, kinachoanza kwa sindano ya mkononi kama kipimo chochote. Akanuna. Nikaachana na mambo ya tezi.

Nikamwendea kwa kichocho. Huku ziwani kichocho hakina aibu, ni kama kovu la kazi. Mtu anayesimama majini kila siku kufunga injini anajua vimelea vya konokono vinamngoja, na huku kwetu vinakaa tumboni na kuharibu ini. Alikuwa na tumbo linalosokota mara kwa mara. Nikamwambia, “Baba Kulwa, twende ukapime kichocho, nami nachukua dawa zangu.” Akaja mwenyewe, kavaa shati la kanisani. Mapokezi wanapima presha kila mtu mzima. Yake 128 kwa 82! Alivyonigeukia utadhani amefunga goli pale CCM Kirumba. Choo kikaonyesha kichocho, akapewa prazikwanteli, vidonge vinne na nusu kwa uzito wake, amelishwa kwanza. Muuguzi akamwomba na kidole cha sukari, akakitoa kwa dharau, kwa kuwa kidole alichokuwa anakiogopa si hicho. Ikasoma 12.6.

Akaanza utetezi uleule niliokuwa nao mimi. Ni ile chai, ni maandazi, mashine yao mbovu. Muuguzi hakubishana. Alisema inawezekana kabisa, na mtu asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, arudi kesho kutwa bila kula wala kunywa chochote zaidi ya maji kwa saa nane. Alirudi peke yake, bila kuniaga, saa moja asubuhi. 8.3. Mpaka wa kisukari kwa mtu aliyefunga ni 7.0. Jioni aliniletea karatasi mezani, akauliza kama matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, nayo yana sukari.

Hapo ndipo nilipopata la kwenda kusema kikobani. Zamani tulikuwa tunaambiana “mkapime” kama kengele ya kanisa: wote tunaisikia, kila mmoja anadhani inamwita mwenzake. Nilichofanya ni kufungua daftari, nikasoma kiasi tulichotoa kwa mweka hazina, kisha nikasoma bei ya mashine moja ya presha na ya vipande vya kupimia sukari kwa watu 24. Tofauti yake ilizima minong'ono. Nikawauliza ni siku gani hakuna anayepoteza kitu. Mama mmoja wa meza ya pembeni akajibu bila kuinua kichwa: mbalamwezi.

Tukamwomba mwenyekiti wa soko kivuli na meza, na muuguzi wa kituo cha jirani akakubali kuja mchana, baada ya kazi zake. Mara ya kwanza walijitokeza 15. Sita walikuwa na presha ya juu ya 140 kwa 90 hata baada ya kurudiwa, na wanne kati yao hawakuwa na habari. Wawili walikutwa na sukari ya kutilia shaka. Wote wanane walipewa karatasi za kwenda kurudia kituoni, na hapa nilijifunza kitu: karatasi peke yake haimfikishi mtu. Kila aliyekutwa na tatizo tulimpangia aliyekutwa salama, yule salama akiwa na kazi moja tu ya kumpitia mwenzake nyumbani asubuhi.

Kosa kubwa nililifanya mimi. Kwa mazoea ya ukatibu niliandika namba za kila mtu kwenye daftari la kikoba, mstari mmoja na hisa zake. Wiki haikuisha, sokoni kukawa na maneno: fulani ana sukari, msimkopeshe, atakufa na deni. Wanachama wawili wakatoa hisa zao wakaondoka. Nilikwenda kwao na kilo mbili za sukari, halafu nikakumbuka njiani ninakokwenda ni kwa nani, nikarudi dukani kubadilisha na mchele. Mmoja alinisamehe akarudi. Mwingine hajarudi hadi leo, na ana haki. Sasa daftari lina alama ya vema tu, amepima au hajapima. Namba ziko kwenye kadi ya mtu, na kadi iko kwake.

Mbalamwezi ya tatu muuguzi alituambia kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, tukaenda kituoni kundi zima kwa hiace ya kukodi. Kwa wanawake wa miaka 30 na kuendelea wanapaka siki nyepesi na kuangalia kama pana sehemu inageuka nyeupe. Mwenzangu mmoja akauliza kwa sauti, “Siki hii ya kachumbari?” Chumba kizima kikaangua kicheko, na nadhani kicheko hicho kiliwapunguzia wengi woga kuliko maelezo yote yaliyotangulia. Mmoja alikutwa na dalili za awali akafanyiwa tiba mgando, yaani sehemu ile inagandishwa kwa baridi kali, siku hiyohiyo, akarudi na hiace yetu. Mimi na wengine tuliokwisha kukoma hedhi tuliambiwa kwamba kwa umri wetu sehemu inayotazamwa huwa imerudi ndani, siki inaweza isionyeshe vizuri, kwa hiyo tukaelekezwa kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo. Ilinikera kidogo, nimeshajitayarisha roho halafu naambiwa siyo hapa. Nilikwenda hata hivyo.

Wanaume wa gereji bado ni kazi. Baba Kulwa hawahubirii. Anachofanya, akimwona mtu anachovya andazi la tatu, anamuuliza tu, “Umefunga leo?” Watatu wameshakuja kwenye meza yetu, wote wakisema wamepita tu kununua dagaa. Tunawauzia na dagaa.

Wanachama waliopima mwezi uliopita ni 21 kati ya 23. Mweka hazina wetu naye anakuja, kwa fimbo, mwanawe akimshika mkono hadi kwenye kiti. Maneno yamemrudia machache, na ameyachagulia kazi. Anakaa pembeni ya mashine, na mtu akifungiwa kitambaa akaanza kusimulia bei za Sengerema, yeye anainua ile fimbo kwa mkono wa kushoto na kusema, polepole, neno zima: “Nyamaza.”