Nilivyofundisha Istilahi za Mahakamani kwa Ajali Moja ya Bodaboda

Ninafundisha Uraia katika shule ya sekondari hapa Arusha, na mada ya mahakama ilikuwa ikiwachosha wanafunzi kuliko zote, kwa sababu walikariri maana za istilahi bila kujua ipi inamhusu nani na katika hatua gani ya shauri. Niliachana na orodha hiyo, nikatunga tukio moja: dereva wa bodaboda amegonga meza ya mama muuza nyanya karibu na Soko la Kilombero, nyanya zimesagika na mama amevunjika mkono.

Tukio hilo linaweza kuzaa mashauri mawili. Polisi wakimkamata dereva, huyo ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka la kuendesha kwa hatari, anakuwa mshtakiwa, na anayemshtaki ni Jamhuri. Wanafunzi walishangaa sana kusikia kwamba mama, aliyeumizwa, katika kesi hiyo ya jinai ni shahidi tu. Akitaka alipwe fidia ya matibabu na bidhaa zake, anaweza kufungua shauri la madai, yeye akiwa mdai na dereva akiwa mdaiwa. Kesi ya jinai lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi, ilhali katika madai inatosha ushahidi wa upande mmoja uwe na uzito kuliko wa mwenzake.

Dhamana ilihitaji muda zaidi. Wengi waliamini, na sidhani kama ni wanafunzi wangu peke yao, kwamba ukiwekewa dhamana umelipa na kesi imekwisha. Tuliigiza mdhamini akisaini ahadi ya kiasi cha fedha, ambacho atadaiwa iwapo mshtakiwa ataruka dhamana; kesi yenyewe inaendelea kama kawaida. Niliongeza kwamba makosa mengine, kama mauaji, hayana dhamana.

Palipochangamka zaidi ni kwenye kesi ya kujibu. Mwanafunzi aliyecheza hakimu alitamka kwa sauti nzito, "Una kesi ya kujibu, kwa hiyo ninakufunga miaka miwili." Dereva wetu akasimama: "Mheshimiwa, mbona bado hujanisikiliza?" Darasa zima lilicheka, lakini swali lilikuwa lenyewe hasa, kwa kuwa katika hatua hiyo hakimu anapima tu kama ushahidi wa upande wa mashtaka, usipojibiwa, unaweza kumtia mtu hatiani. Usipotosha, mshtakiwa anaachiwa huru. Ukitosha, anapewa nafasi ya kujitetea. Hapo ndipo nilipowasomea Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika, na safari hii hakuna aliyeuliza inatumika wapi.

Rufaa ilikwenda haraka: kutoka Mahakama ya Wilaya hadi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Kwa kuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa Arusha, mmoja aliuliza kama dereva akishindwa kote anaweza kukata rufaa huko. Nilieleza kwamba Mahakama hiyo hupokea malalamiko dhidi ya nchi wala haisikilizi rufaa, na kwamba tangu Novemba 2020 Mtanzania hawezi kuifikia moja kwa moja, baada ya Serikali kuondoa tamko lililoruhusu hilo. Kwa hiyo kwenye mchoro wetu ubaoni niliiweka pembeni, si juu ya Mahakama ya Rufani.