Nilivyoichinja Altezza yangu

Neno la kwanza nililotamka baada ya ajali lilikuwa "shikamoo." Gari limelala kiubavu mtaroni, mimi nimening'inia kwenye mkanda upande wa juu, na dirishani akatokea mzee mwenye baraghashia iliyolowa mvua. Malezi hayaulizi uko katika hali gani. "Marahaba mwanangu," akaitika, kana kwamba tumekutana mlangoni kwa jirani. "Umevunjika popote?"

Sikuwa nimevunjika. Kiroba cha machungwa nilichonunua Muheza asubuhi ile kilikuwa kimepasuka, machungwa yametapakaa hadi barabarani, mengine yanaelea kwenye maji ya mtaro, na watoto walishaanza kuyaokota. Sikuwalaumu. Mmoja wao aliniletea mawili.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, namba ya usajili ya herufi C, rangi ya fedha. Wanaojua watanielewa. Kwa wasiojua: Altezza nyingi mnazoziona mitaani ni zile za silinda 6, ambazo sura ni ileile ila mbio ni za kawaida. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda 4, kichwa cha injini kimebuniwa na Yamaha, nguvu ya farasi 210 bila turbo, gia 6 za mkono, na inasukuma kwa nyuma. Dashibodi imechorwa kama saa ya mkononi, vipimo vitatu vidogo ndani ya duara moja kubwa. Niliinunua mwaka 2019 kwa milioni 9.5 kutoka kwa kijana mmoja wa Sinza aliyekuwa anaoa na akaambiwa achague.

Ilikuwa chini kiasi kwamba matuta niliyavuka mshazari, tairi mojamoja, na siku tukiwa wanne shemeji yangu alikuwa anashuka mwenyewe kabla sijamwomba. Mama aliiita "hicho kigari chako cha kulala." Mke wangu aliiita mke mwenza, lakini akishika usukani yeye nilikuwa namwona anavyochelewa kuingiza gia ya tatu makusudi, mshale uvuke 6,000, ile sauti ibadilike. Alidhani sijui.

Ajali ilitokea Jumapili ya Novemba 2023. Nilitoka Tanga narudi Dar. Sehemu niliyozoea kuiogopa njia ile ni daraja la Wami, lile la zamani la mwaka 1959, jembamba, na miteremko yake. Lakini jipya lilishafunguliwa, nikapita kama navuka sebule. Mvua ilianza baada ya hapo, kabla ya Msata. Haikuwa kubwa, na hilo ndilo tatizo. Mvua kubwa huosha barabara. Manyunyu ya mwanzo wa vuli hukoroga vumbi, oili na unga wa matairi uliolala pale kiangazi kizima, na lami inakuwa kama imepakwa sabuni.

Katikati ya kona ya kulia nikaona matawi. Kila dereva wa nchi hii anajua maana ya matawi mabichi barabarani: mbele kuna gari limeharibika, na mara nyingi ni lori, na mara nyingi limebaki hapohapo lilipozimikia. Nilikuwa kwenye 90. Nikafanya kitu ambacho nimewahi kuwakanya vijana wengi wasikifanye: nikiwa ndani ya kona nikaachia mafuta ghafla na kukanyaga breki. Uzito wote ukakimbilia mbele, nyuma pakabaki pepesi, na gari linalosukuma kwa nyuma halina msamaha hapo. Mkia ukatoka kushoto. Nikaupata kwa usukani, ukarudi, ukapitiliza upande wa pili. Lori lenyewe sikulifikia. Nilitoka barabarani kinyumenyume, hatua kama ishirini kabla yake, natazama kule nilikotoka, na kona ya nyuma kushoto ikagonga ukuta wa karavati.

Trafiki walikuja, wakapima, wakachora. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, zahanati wakanikuta na mchubuko wa mkanda shingoni basi. Kosa la kuendesha bila uangalifu nilikubali, faini nikalipa. Sina la kulalamika hapo.

La bima ndilo linaloniuma hadi leo, kwa hiyo nalisema wazi. Nilikuwa na bima ndogo, ile ya 118,000, ambayo inamlipa uliyemgonga, siyo wewe. Mwanzoni mwa mwaka huohuo nilipigiwa hesabu ya bima kubwa: asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani 332,500. Nikaona ni hela nyingi. Mwezi uliofuata nikafunga egzosi ya 350,000.

Gari lilikaa kituoni siku tisa kabla sijapata lori la kulibeba hadi gereji ya Tabata. Fundi wangu alilizunguka kimya. Huyu ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo ukimya wake nilishauelewa kabla hajafungua mdomo. Akachukua mita ya kupimia, mimi nikashika ncha moja, akaipitisha chini kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha akageuza, msalaba. Tofauti ilikuwa sentimita nne na kitu. Altezza haina chesisi ya peke yake kama Land Cruiser. Bodi ndiyo chesisi, na ikishapinda sehemu inaposhikwa miguu ya nyuma, umepinda uti wa mgongo.

"Bosi," akasema, "hii nikiinyoosha itawaka, itatembea, na rangi nitakupigia ing'ae. Ila itakwenda upande kama kaa."

Kulikuwa na mtu pale gereji aliyeniambia tukate nusu ya nyuma ya gari jingine tuchomelee. Inafanyika, na magari hayo yapo barabarani, waliomo ndani hawajui. Nilikataa. Nakiri kwamba nilikaa na wazo hilo usiku mmoja mzima kabla ya kulikataa.

Sasa nije kwenye kilichonishinda. Kila aliyenipigia aliniambia neno lilelile: chuma hicho, chuma kinanunuliwa, shukuru Mungu wewe mzima. Ni kweli, na nilishukuru, na Mama alinitolea sadaka. Lakini baada ya kushukuru bado nilikuwa na kitu kifuani na sikuwa na pa kukipeleka. Kazini kuna dada ambaye mwaka uleule alizika kaka yake aliyefia barabarani. Yeye naye alikuja mezani kwangu kunipa pole ya gari. Nilitamani sakafu ipasuke. Basi nikajifundisha kujibu "ah, ni chuma tu" na kucheka, halafu jioni nikifika nyumbani naegesha IST ya mke wangu pembeni, si pale kwenye doa la oili. Altezza ilikuwa inadondosha matone machache kila usiku, na miaka minne nilililaumu doa lile. Mke wangu alipotoka na ndoo na sabuni Jumamosi moja, nikamwambia aliache. Akaniangalia, akarudisha ndoo.

Kilichonitoa pale ni tairi. Nilikwenda gereji kuonana na mnunuzi wa skrepa aliyetoa milioni 1.3 kwa gari zima kama lilivyo, na wakati tunamsubiri nikawa namsimulia fundi kwa mara ya kumi habari ya lori, manyunyu, matawi yaliyowekwa karibu mno. Hakujibu. Akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akatema mate kwenye kidole gumba, akafuta tope ubavuni, akaniita. Tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3109.

Wiki ya 31, mwaka 2009. Tairi lilikuwa na miaka kumi na nne. Nilinunua manne ya mtumba kwa 45,000 kila moja, na niliyachagua mwenyewe, kwa sababu kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa nzima kabisa. Hakuna ambaye angeyaita vipara. Nilikagua kashata kwa ncha ya ufunguo, nikajiona mjuzi. Tarakimu zile sikuzisoma. Fundi akaminya mpira kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. Ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi. Na mwezi uleule nilionunua matairi hayo nilikuwa nimezipaka rimu rangi mpya.

Sikumaliza tena hadithi ya lori. Ajabu ni kwamba nilipata nafuu. Nadhani nilikuwa nachoka kuilaumu mvua.

Mnunuzi alipofika nikamwambia siuzi. Nilimwuliza fundi kama anaweza kunipa Jumamosi zake. Tungeichinja wenyewe, kila kiungo kiende kwenye gari linaloishi. Tulikubaliana asilimia 20 iwe yake, nami niwe msaidizi: kushika tochi, kulegeza nati, kuosha kwa petroli, kufunga nyaya kwa utepe na kuandika kila soketi ni ya nini. Ilituchukua Jumamosi saba.

Ushauri kwa atakayefanya hivi: usianze na vinavyong'aa. Taa na bampa vinanunuliwa siku yoyote. Anza na injini na gia boksi, na ikiwezekana iwashe mbele ya mnunuzi ikiwa bado ndani ya gari, maana ikishakuwa chini sakafuni, kila mtu atakwambia imekufa. Yetu iliwaka kwa funguo moja. Gari halina mgongo, gurudumu la nyuma limelala kama mguu uliovunjika, na injini inanguruma laini vilevile. Kijana aliyetoka Arusha kuifuata alikuwa ameua injini ya kwake. Alisimama amefumba macho anasikiliza. Sikupandisha bei hata shilingi, ingawa fundi alikuwa ananikonyeza. Milioni 3.2 pamoja na gia boksi.

Sho (grili ya mbele), taa za mbele na boneti vilikwenda kwa mtu wa Mbezi. Milango ya kulia kwa mwingine. Dashibodi ile ya saa niliuza, nikajuta, nikampigia simu mnunuzi nikaambiwa imeshafungwa na inawaka vizuri, nikaacha kujuta. Jumla tulifika milioni 5 na ushee, kabla ya kumtoa fundi. Si milioni 9.5, lakini si 1.3 pia. Gamba lililobaki lilipimwa kwenye mizani ya skrepa likatoka kilo 290. Walilikunja mbele yangu kwa ajili ya kulipandisha kwenye Canter. Kadi na vibao vya namba nilivipeleka TRA.

Desemba iliyofuata nilipanda basi kwenda Tanga, nikakaa dirishani upande wa kushoto. Karavati lina alama ya rangi ya fedha, upana wa kiganja. Basi lilipita kwa mwendo ambao sikuupenda.

Viti vya mbele ndivyo vilikosa soko, kwa sababu cha dereva kilikuwa kimechanika ubavu. Vilikaa gereji mwezi mzima hadi kinyozi wa jirani na fundi alipovitaka kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Alivichomelea miguu ya chuma, akaviweka ukutani chini ya televisheni. Nanyoa hapo sasa, ingawa kwetu si karibu. Kile cha dereva bado ukivuta kitasa cha kulaza mgongo inabidi ukisukume kidogo nyuma kwanza ndipo kishike, na wateja wengi hawajui, wanahangaika nacho. Nikikuta mtu amekikalia, nasimama mlangoni nasubiri. Cha abiria kiko wazi mara nyingi, na kinyozi ananiambia kaa hapo kaka, lakini kile sikukizoea.