Alama Niliyoifuta

Jumamosi nilikuwa natafuta kadi ya chanjo ya mwanangu kwenye boksi la kabatini, nikaibuka na daftari langu la kurekodi michezo ya besiboli. Kadi yenyewe hadi leo sijaiona.

Mara ya kwanza kuona daftari la namna hii lilikuwa mikononi mwa mzee niliyekuwa nikimhudumia hapa Michigan, na nilidhani ni la madeni. Mangi wa mtaani kwetu Tanga alikuwa nalo kama hilo: majina kushoto, vijisanduku kulia, namba anazozielewa mwenyewe. Nilipomwambia Babu (ndivyo nilivyomwita, na siku aliyojua maana yake alifurahi kama mtoto), alicheka hadi akakohoa, kisha akanipa penseli.

Kila mchezaji wa uwanjani ana namba yake. Mrushaji ni 1, mdakaji 2, wa kituo cha kwanza (pale mpigaji anapokimbilia kwanza) 3, hivyo hivyo hadi 9. Mpira ukiokotwa na 6 akamrushia 3, mpigaji katolewa. Unaandika 6-3, basi. Aliyepiga hewa hadi akatolewa unamwandikia K. Aliyesimama kama mlingoti akautazama mpira wa mwisho ukipita, K yake unaigeuza itazame nyuma. Hiyo nilikuwa naiandika kwa raha zote, sijui kwa nini.

Ukurasa ulionikalisha sakafuni ni wa tarehe 2 Juni 2010, Detroit Tigers na Cleveland Indians, mchezo tuliouona kwenye televisheni chumbani kwa Babu. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiusimulia kwamba uliishia pale refa alipokosea. Ukurasa unanisuta.

Mrushaji wa Detroit alikuwa Armando Galarraga, Mvenezuela. K zake usiku ule ni tatu tu. Waliobaki walikuwa wakitolewa na wenzake nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo. Kumaliza hivyo watu 27 ndiyo mchezo kamili, jambo ambalo hakuna mrushaji wa Detroit aliyewahi kulifanya. Naona jinsi mwandiko wangu ulivyokuwa ukipungua kila kipindi. Kufika cha nane namba zimekuwa kama punje za ulezi, maana Babu alikuwa ameacha kuongea, nami nikaogopa hata kukwaruza karatasi. Kipindi cha tisa kinaanza na 8 iliyokandamizwa hadi imetokeza upande wa pili: Austin Jackson alikimbia akiwa ameupa uwanja mgongo, akaudaka mpira ambao mimi nilishauhesabu umetua.

Wakawa 26 nje, mmoja bado. Jason Donald wa Cleveland akaupiga chini, Miguel Cabrera akauokota, akamrushia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituo cha kwanza. Nikaandika 3-1 na duara la mtu aliyetolewa kabla refa hajafungua mikono.

Jim Joyce akafungua mikono. Amefika salama.

Televisheni ilirudia picha mara tatu, mara nne, na kila mtu akaona kwamba mpira ulitangulia. Siku hizo marefa hawakuwa na ruhusa ya kurudi kwenye picha kwa uamuzi wa namna hiyo. Nikamwambia Babu naiacha 3-1 yangu, maana ndiyo kweli. Akanisogezea kifutio. Nikafuta kwa hasira hadi karatasi ikachanika kidogo, na juu ya kovu hilo nikachora mstari wa mtu aliyefika kituo cha kwanza.

Nilichokisahau kabisa kipo kisanduku kinachofuata: 5-3. Galarraga alitabasamu, akarudi kazini, akamtoa mtu mwingine, Detroit wakashinda 3-0. Watu 28 badala ya 27, na saa 1 na dakika 44 tu tangu mpira wa kwanza! Pembeni kuna mwandiko wa Babu wenye kutetemeka, "Griffey", kwa sababu Ken Griffey Jr., nyota wa besiboli, alitangaza kustaafu siku hiyo hiyo, na yeye hakutaka lipotee kwenye makelele.

Nikafunua ukurasa wa pili, 3 Juni, mchana. Nilikuwa nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Refa anayesimama nyuma ya mdakaji siku hiyo alikuwa Joyce, ambaye usiku uleule alikuwa amekiri kosa lake na kumwomba radhi Galarraga. Na aliyetumwa kumpelekea orodha ya wachezaji wa Detroit alikuwa Galarraga mwenyewe. Joyce akaipokea, akafuta machozi mbele ya uwanja mzima.

Nikamuuliza Babu hilo linaandikwaje.

"Haliandikwi," akasema. "Shika penseli, mpigaji wao anaingia."