Kiti cha pweza wa pili: jinsi nilivyojifunza kumtunza ndani ya tangi

Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, wangu wa kwanza alikuwa wa buluu, yule ambaye wataalamu wanamwita Linckia laevigata. Alikaa nami wiki 11. Jioni ya kwanza alipopanda kwenye kioo na kunyoosha mikono yake mitano, niliketi sakafuni mbele ya tangi hadi usiku mwingi, nikiangalia vile vijiguu vya chini ya mikono vikishika na kuachia, vikishika na kuachia, mamia kwa mamia.

Asubuhi moja niliona doa jeupe kwenye ncha ya mkono mmoja, si kubwa kuliko punje ya mchele. Kesho yake ngozi pale ilikuwa imelegea kama sabuni iliyolowa, na siku ya tatu mkono ulikatika. Nilipima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na masalio ya chakula: zote sifuri. Samaki walikuwa wanakula vizuri. Nilimtoa akiwa amekufa, na iliniuma sana kwa sababu sikujua nimemkosea wapi.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba nilimkosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa siku ile ile nilipomleta. Niliuacha mfuko uelee juu ya maji dakika ishirini ili joto lilingane, nikachanganya maji kidogo, nikamtumbukiza. Samaki wengi huvumilia hilo. Kiti cha pweza hawezi. Mwili wake wote unaendeshwa kwa maji: juu ya mgongo, pembeni kidogo mwa kitovu, ana kitu kama kitufe chenye vitundu vidogo sana kinachounganisha bahari na mirija iliyomo mwilini, na mirija hiyo ndiyo inayosukuma vijiguu. Isitoshe, hana namna ya kudhibiti chumvi mwilini. Chumvi ya nje ikiruka, ya ndani nayo inaruka. Wauzaji wengi huweka chumvi chini kidogo kwenye matangi ya samaki, kama 1.020 (ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000), na mimi tangi langu lilikuwa 1.025. Ule mruko wa dakika ishirini ulimjeruhi, na majeraha ya namna hii yanaweza kuchukua wiki nyingi kuonekana.

Kosa la pili ni njaa. Huyu wa buluu hula ule utando mwembamba unaoota juu ya mawe, mchanganyiko wa bakteria na mwani, na anauhitaji kwa wingi, kila siku, eneo kubwa. Tangi langu la lita 300 lilikuwa na miezi minne tu na mawe yake yalikuwa bado meupe. Alikuwa anatembea kutwa, mimi nikidhani ni furaha, kumbe anatafuta chakula. Siku hizi mtu akiniuliza, namwambia bila kuzunguka: kama tangi lako halijatimiza mwaka na halina mawe mengi yaliyokomaa, huyo mwache baharini.

Nilisubiri karibu mwaka mzima kabla ya kujaribu tena. Safari hii nilimchagua Protoreaster nodosus, yule wa rangi ya mchanga mwenye vinundu vyeusi mgongoni. Sababu ilikuwa moja: anakula nyama, kwa hiyo naweza kumlisha mwenyewe na kuona kwa macho kwamba amekula. Anayo gharama yake, maana hula pia matumbawe, konokono na chaza, kwa hiyo tangi lenye matumbawe si lake. Mimi nilikuwa na mawe, mchanga na samaki wanne, basi.

Siku alipofika nilimweka ndooni pamoja na maji yake yote, akiwa amezama muda wote. Nilichukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, nikaufunga fundo legelege ili maji ya tangi yadondoke matone mawili kwa sekunde, na nikaweka hita ndogo ndooni yasipoe. Kila ndoo ilipojaa maradufu nilimwaga nusu, nikaendelea. Ilichukua saa nne. Nilipopima ndoo na tangi kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, na kupata namba moja kote, ndipo nilipomtelezesha kwenye bakuli chini ya maji nikahamishia bakuli tangini. Sijawahi kumnyanyua hewani, si siku ile wala baadaye, kwa hofu ya hewa kunasa ndani yake.

Kumlisha ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Mara tatu kwa wiki namwekea kipande cha kome, ngisi au kamba mbichi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, karibu na ncha ya mkono wake. Kwanza hakuna kinachotokea. Halafu ncha ile inajikunja juu kidogo. Pale ndipo lilipo jicho lake, doa dogo lisiloona vizuri, lakini harufu anaipata barabara. Anageuka mzima mzima, anapanda juu ya kile kipande, kisha anavimba katikati kama mtu aliyejifunika shuka. Siku moja alikula akiwa ameshikilia kioo, nikaona tumbo lake likitoka nje kupitia mdomoni, mfuko laini unaopitisha mwanga, likaifunika nyama yote na kuanza kuiyeyusha pale pale.

Shida ilikuwa samaki, walimnyang'anya. Nilijaribu kumlisha usiku, haikusaidia. Dawa ilikuwa chujio la chai la plastiki: namfunika yeye na chakula chake, nauacha mpini uegemee jiwe, baada ya saa mbili naliondoa na kutoa masalio yasiozee majini.

Dawa za samaki nazo ziangalieni sana. Samaki wangu waliwahi kuota vidoa vyeupe, na chupa niliyopewa dukani ilikuwa na shaba ndani. Shaba humuua kiti cha pweza, na ikishaingia kwenye mchanga na mawe hukaa humo. Bahati njema nilisoma maandishi ya pembeni kabla ya kufungua. Niliwatoa samaki wote, nikawatibu kwenye beseni kubwa pembeni, na tangi likabaki bila samaki siku 76 ili vijidudu vikose wa kumng'ang'ania. Kiti cha pweza alibaki mwenyewe humo, na wakati huo hata chujio la chai halikuhitajika.

Mara moja tu nimekaribia kumpoteza. Nilisafiri siku 10, nikamwachia mdogo wangu kazi ya kujaza maji yanayopungua. Nilisisitiza kiasi, lita 3 kila asubuhi hadi kwenye mstari niliouchora kiooni, ila sikusema maji yapi. Niliporudi nilimkuta kiti cha pweza amelala chini, mikono bapa, imesinyaa, vijiguu vimeingia ndani. Nilipima: 1.028.

"Ulijaza maji gani?" nikamuuliza.

"Ya chumvi, kaka, yale ya kwenye pipa. Si maji chumvi ndiyo yaliyopungua?"

Sikuweza kumlaumu, maana mtu yeyote angefikiri hivyo. Lakini kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi yote inabaki tangini. Yale yanayopungua hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Alikuwa ameongeza lita 30 za maji ya bahari juu ya chumvi iliyokuwa imebaki.

Kishawishi kilikuwa kurekebisha siku hiyo hiyo. Nilijizuia, kwa kuwa kushuka ghafla ni jeraha lile lile lililomuua wa kwanza. Nilitoa lita 4 asubuhi na kurudisha lita 4 za maji matupu taratibu kwa mpira ule wa matone, jioni hivyo hivyo, kwa siku nne. Siku ya pili alikataa kula. Siku ya tatu mikono ilianza kujaa. Nilikuwa naamka usiku na tochi kuangalia kama kuna doa jeupe, na halikutokea.

Asubuhi ya tano nilimkuta amepanda kioo cha nyuma. Alipofika katikati aliachia, akaanguka mchangani chali. Nilivuta pumzi nikasubiri, maana asiyeweza kujipindua ni mgonjwa. Ncha ya mkono mmoja ilijizungusha ikatafuta mchanga, vijiguu vikashika. Mkono wa jirani ukafuata. Ile mitatu mingine ikainuka ndani ya maji kama mwavuli unaofungwa, ikaelea hapo kidogo, ikapita upande wa pili. Dakika tatu, nilizihesabu. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na mchana ule alibandika karatasi kwenye pipa kwa mwandiko wake: HAYA SI YA KUJAZIA.

Karatasi ipo mpaka leo, na kiti cha pweza yupo, mwaka wa nne huu.