Haina namba

"Hiyo haina namba, Anko."

Wiki hii tumezika Kendu Bay, chama kimenipitishia mkopo wa jenereta, na Akinyi ametua kutoka Abu Dhabi na masanduku matatu. Lakini nikizima taa usiku, kinachobaki masikioni ni maneno hayo manne.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, Mamboleo, Kisumu, hapo ninapoendesha bembea. Baba (mnaofuata shajara hii mnajua ndiye mpwa wangu, amebeba jina la marehemu mzee, kwa hiyo simwiti vingine) alikuwa amekalia sanduku la spana, anaandika nyuma ya risiti ya dizeli. Bembea kumi bora duniani (kwetu mashine yoyote ya kupanda kwa burudani ni bembea), kila moja na kasi yake na kimo chake. Nikauliza kama mtu anayeuliza bei ya omena bila nia ya kununua:

"Na hii yangu umeiweka ya ngapi, baba?"

Akainua macho, akaitazama bembea ya viti ikizunguka na watoto wa shule wakipiga mayowe, akarudi kwenye karatasi yake.

"Hiyo haina namba, Anko."

Hakusema kwa dharau. Dharau ningeipatia jibu. Alisema jinsi unavyomwambia mtu kwamba duka limefungwa.

Basi tuipitie hiyo orodha yake. Ya kwanza ni rola kosta, treni ya reli za kupanda na kuteremka: Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010. Inafika kilomita 240 kwa saa kabla sekunde tano hazijatimia. Abiria huvalishwa miwani, maana kwa mwendo huo mdudu akikupata jichoni ni jiwe. Haina mlima wa kupandishwa kwa mnyororo kwanza; treni inanyakuliwa na winchi inayoendeshwa kwa mafuta yaliyoshindiliwa, wazo lile lile la kurusha ndege kutoka kwenye meli ya kivita. Ni kazi kubwa, sikatai. Ila Akinyi ameniambia kijana alipimwa urefu mlangoni akarudishwa. Yaani namba moja yake ni kitu alichokitazama kwa nje. Hilo nimelihifadhi kama ushahidi.

Ya pili ni Kingda Ka ya New Jersey: mita 139, kilomita 206 kwa saa. Hiyo haipo tena. Ilifungwa 2024, na Februari 2025 mnara ukaangushwa kwa baruti. Lakini hesabu yake bado ni tamu. Chukua kimo, zidisha kwa 2, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Unapata mita kwa sekunde zinazotakiwa ili kitu kifike kileleni bila kusukumwa tena. Kwa mita 139 ni kama 52, sawa na kilomita 188 kwa saa. Wao waliipa 206. Hiyo ziada ndiyo ya kuwalipa upepo na msuguano wa magurudumu. Siku ambayo hao wawili walidai zaidi, treni ilikaribia kilele, ikasita, ikarudi kinyumenyume na watu wake. Waliounda walijua litatokea, ndiyo sababu breki za sumaku zilikuwa zinainuka nyuma ya treni ikishapita, kuingoja.

Mahali ambapo mimi na Baba tungeelewana ni Millennium Force ya Cedar Point, Ohio, ya mwaka 2000. Mteremko wake wa kwanza ni mita 91. Weka kwenye hesabu ile ile: kilomita 152 kwa saa. Inayotangazwa ni 150. Kilomita mbili tu zimepotea njiani! Kijana ameiweka ya saba kwa sababu kuna zinazoizidi mbio. Kwangu ni ya kwanza katika za chuma, kwa sababu mwenye kuacha kilomita mbili tu zipotee ameijua reli yake.

Na uone: uzito wa abiria haumo katika hesabu hiyo. Hilo tutalirudia.

Kosa la orodha ya Baba, nimeliwaza siku tatu, ni kwamba ameorodhesha mashine. Bembea huorodheshwa kwa kiti. Chukua meli, ile inayopepea mbele na nyuma kama pendulamu, na gurudumu la tairi chini yake linaisukuma kila inapopita. Ukikaa katikati umepanda kitanda cha mtoto. Ukikaa safu ya mwisho kabisa, ikifika juu inakuachia, na kile chakula ulichokula Kondele kinabaki hewani kidogo kabla ya kukufuata. Tiketi moja, bembea mbili. Kwa hiyo meli ninaipa nafasi ya tatu kwa safu za pembeni na ya nane kwa za katikati, na anayesema haiwezekani aje akae katikati kwanza.

Rola kosta nayo ni vilevile. Kwenye kilele behewa la mbele linaning'inia kusubiri wenzake, linashuka polepole. La mwisho linafika kileleni wakati treni nzima imeshashika kasi, linakung'oa kitini. Anayetaka kuona akae mbele, anayetaka kurushwa akae nyuma. Hapo ndipo Cyclone ya Coney Island, ya mbao, ya mwaka 1927, kimo mita 26 tu, inaziaibisha nyingi ndefu. Mbao hujipinda kidogo chini ya gurudumu, na asubuhi treni ya mbao si ile ya jioni: grisi ikipata joto, mwendo unaongezeka.

Kuhusu mizunguko ya kupindua watu kichwa chini nitasema moja tu. Coney Island hiyo hiyo, miaka ya 1890, walijenga mzunguko wa duara kamili na shingo za watu zikaumia, kwa sababu duara hukushindilia ghafla pale chini unapoingia. Mwaka 1976 kule California Werner Stengel aliuchora kama tone la maji lililopinduliwa, mpindo wake mpana chini na wa kubana juu, na ndio umbo linalotumika hadi leo. Ukiona duara kamili mahali, usipande.

Mnara wa kudondosha ninaupa nafasi ya pili, na ni kwa ajili ya breki yake. Sumaku za kudumu zinapita kando ya bapa la shaba, mkondo wa umeme unazuka ndani ya shaba yenyewe, na mkondo huo unapinga mwendo. Hakuna waya wala swichi. Stima ikipotea, breki haina habari. Ila haiwezi kusimamisha kitu kabisa: kadiri mwendo unavyopungua ndivyo nguvu yake inavyopungua, kwa hiyo mwisho wake ni kushuka taratibu hadi kwenye mpira. Ningekuwa na pesa ningenunua huo, si jenereta.

Gurudumu kubwa ni la watu wenye mazungumzo. Lile la kwanza la Ferris, Chicago 1893, lilikuwa na vibanda 36, kila kimoja watu 60. Kulijaza kunataka akili: unapakia kiti kimoja, unazungusha nusu, unapakia cha upande wa pili. Ukijaza upande mmoja kwanza kwa haraka ya kukusanya tiketi, uzito unalivuta lenyewe, tairi la kuendesha linateleza, na utanusa mpira unaoungua kabla hujaona kitu. Magari ya kugongana sina la kusema, ila sakafu ifagiliwe na kukaushwa kila asubuhi, maana sakafu ndiyo njia ya umeme wa kurudi. Farasi wa kuzunguka ni wa bibi na wajukuu. Panda wa nje, ndiye mwenye mbio.

Kasri la kurukia silipi nafasi yoyote, na ndilo ninaloliangalia kuliko yote. Watu hudhani kitu chenye hewa hakina hatari. Kipimo ni kilomita 38 kwa saa za upepo: ikipita hapo, watoto watoke na feni izimwe. Kama huna kipima upepo, tazama miti midogo yenye majani; ikianza kuyumba mizima mizima, kikomo hakiko mbali. Kamba zisipungue sita, kila moja na kigingi chake ardhini, hata kama asubuhi kumetulia kama bakuli la uji. Hapa Kisumu asubuhi si kipimo cha kitu. Baada ya saa nane Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, huanza kupumua kuelekea kwetu, na wingu likishajikusanya upande wa milima ya Nandi una dakika chache. Jumanne tulilitoa hewa saa tisa na robo. Wazazi walinung'unika. Saa tisa na nusu hema la wauza soda lilikuwa juu ya uzio.

Hadi hapa ndivyo nilivyokuwa nimeandika jana, kwa hasira, na ya kwanza kabisa nilikuwa nimeweka bembea yangu ya viti bila kutoa sababu. Kwa ubishi tu.

Leo jioni nimepekua ovaroli kabla ya kuiloweka nikakuta ile risiti. Sijui aliiingiza mfukoni saa ngapi. Chini ya namba kumi kuna mstari mwingine, herufi ndogo zimebanana kwa sababu karatasi ilikuwa inaisha: "Ya Anko. Kasi ___ Kimo ___".

Nimekaa na karai la maji mbele yangu, nikacheka peke yangu. Haina namba. Nimeizungusha hiyo bembea miaka yote hii, na kweli haina namba! Nyingine zote alizipata kwenye simu. Yangu haimo kwenye simu ya mtu.

Nimeacha nguo hapo hapo nikatafuta daftari la matengenezo. Mkono wa juu, kutoka katikati ya mhimili hadi inaponing'inia cheni, mita 3.5. Cheni hadi kwenye kiti, mita 3.5 nyingine. Video ya Alhamisi inaonyesha mizunguko kumi kwa sekunde 52 na nusu. Nikaisimamisha picha kiti kikiwa pembeni kabisa, nikaweka protrakta ya shule juu ya kioo cha simu: nyuzi 40. Kwa nyuzi hizo kiti kimetoka nje hadi mita 5.75 kutoka katikati, mzingo mita 36. Kasi ni karibu mita 6.9 kwa sekunde. Kilomita 25 kwa saa. Kiti kikisimama kiko sentimita 60 kutoka ardhini. Kikiruka kinapanda sentimita 82 zaidi. Kimo, basi, mita 1.4.

Kilomita 25. Bodaboda yenye abiria watatu na gunia inatupita.

Lakini kuna namba nyingine ambayo hakuiachia nafasi. Kwa nyuzi 40 mwili unakuwa mzito mara 1.3. Mtoto wa kilo 30 anakalia kiti kama mwenye kilo 39, na miguu yake haina pa kukanyaga. Ndicho kinachowafanya wapige mayowe kwa mwendo wa baiskeli. Na kuna hili nililoahidi kulirudia: kiti cha mzee mnene, cha mtoto na kisicho na mtu vyote vinalala kwa nyuzi zile zile. Uzito unaongeza mvuto wa chini na wa nje kwa kiasi kimoja, kwa hiyo unajifuta. Ukiona kiti kimoja kinalala tofauti na jirani zake, usitafute sababu kwa abiria. Tafuta cheni iliyojisokota au pini inayogoma.

Kesho Jumapili sitampa majibu. Nitampa tepu na protrakta tuanze kabla ya geti kufunguliwa, wakati ninapokagua. Kwanza pimamaji juu ya fremu ya chini, maana udongo mweusi wa huku ukinyweshewa usiku unameza jeki upande mmoja hata ukitanguliza mbao. Mhimili ukiinama utasikia mota inaguna mara moja kila mzunguko. Halafu cheni, pete kwa pete, hasa ile ya juu kabisa inayosugua jicho la chuma, kwa sababu macho ya watu huishia wanapofikia mikono. Pete ya milimita 10 ikibaki 9, cheni nzima inatoka. Halafu kizuizi cha kiti na cheni yake ya akiba. Kisha mizunguko mitano bila mtu. Viti vitupu 24 vikiruka pamoja kwa nyuzi 40, aone mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Aiweke ya ngapi, atajua yeye. Nimeutazama tena ule mstari. Pembeni, pale zilipokaa 1 hadi 10, ameacha wazi.

Mama alisema juzi mguu umemvimba tangu mazishini, ni kusimama tu. Leo tangu saa kumi na moja simu yake inaita haipokelewi, na jirani tunayempigiaga amekwenda Oyugis.