Saa Tisa Usiku

Baba yangu alilima pamba kule Maswa, na sikuwahi kumwona akipima pamba kwenye mizani ambayo hajaijaribu. Alikuwa akifunga kwenye baiskeli mfuko wa saruji wa kilo 50, haujafunguliwa, na huo ndio uliotangulia kuning'inizwa kwenye ndoano, mnunuzi akitazama. Mshale ukisoma 47, pamba ilirudi nyumbani.

Agosti 2016 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe karibu na Geneva, kwenye kundi dogo lililotunza data za kalibresheni, yaani za kusahihisha vipimo, za CMS, kigunduzi kinachonasa chembe zinazotoka kwenye migongano ya protoni, kilichochimbiwa mita 100 hivi chini ya ardhi huko Cessy, upande wa Ufaransa. Sehemu yetu ilikuwa fuwele. Ziko 75,848, zimetengenezwa kwa madini ya risasi na tangsteni, angavu kama glasi, lakini ukiishika moja utashangaa: ni nzito kuliko kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Elektroni au fotoni, chembe ya mwanga, ikiingia ndani yake, fuwele inawaka, na wingi wa mwanga ule ndio unaotuambia nishati iliyokuja nayo.

Tabu ni kwamba fuwele hazitulii. Mionzi ya migongano inazifanya zififie, hasa zile za pembeni zilizo karibu na njia ya mwale wa protoni. Mwale ukizimwa, zinaanza kupona taratibu, kwa saa na kwa siku. Kwa hiyo kigunduzi kinajipima chenyewe kazini: kila mzunguko wa protoni una mwanya mfupi usio na chembe, na humo ndimo tunapopenyeza mwanga wa leza ya buluu kuona kila fuwele inapitisha kiasi gani. Kuzimaliza zote ni dakika 40 hivi, kisha tunaanza upya. Namba zinazopatikana huingia kwenye kanzidata, na kila seti hubeba kipindi chake cha uhalali, yaani tangu saa ngapi iaminiwe. Namba isiyo na saa yake hapa haina kazi.

Kwa kawaida programu ndiyo huandika saa hizo. Usiku huo sehemu ya vipimo ilibidi ichakatwe upya, na mimi nikapewa kuandika mwanzo wa seti mpya kwa mkono. Mwale ulikuwa umezimwa saa tisa usiku. Alfajiri ukarudi, migongano ikaendelea. Kwenye daftari langu niliandika kama ninavyoandika siku zote: saa 9 usiku. Asubuhi, macho mazito, nikasoma 9, nikaichukua kuwa 09:00. Nilikumbuka kutoa saa mbili za kiangazi cha Geneva ili ipatikane saa ya dunia inayotumiwa na kanzidata. Zile sita za kwetu sikuzikumbuka.

Data zetu husubiri saa 48 kabla ya kuchakatwa zote, ili watu wa kalibresheni wapate nafasi ya kurekebisha. Wakati huo kuna sampuli ndogo inayopitishwa haraka kwa ajili ya ukaguzi. Siku ya pili jioni nilikuwa naipitia, natazama chembe ya Z, ile inayovunjika na kuwa elektroni mbili. Uzito wake unajulikana vizuri mno, 91.19 kwa kipimo cha GeV tunachopimia chembe, na fuwele zikisoma sawasawa kilele cha grafu hukaa hapo. Huo ndio mfuko wetu wa saruji. Kwa saa zile za alfajiri kilele cha fuwele za pembeni kilikuwa kimepanda. Si sana, lakini kimepanda. Tulikuwa tunazisahihisha kana kwamba bado zimefifia, ilhali zilishaanza kupona.

Nilijua kabla sijafungua daftari. Tumbo lilikaza.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kiitaliano aliyezifahamu fuwele hizo tangu zikiwa kwenye maboksi. Nilimpelekea daftari, nikamweleza kwamba kwetu siku inahesabiwa tangu jua linapochomoza, kwamba saa tisa usiku ni saa tisa tangu lilipozama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hesabu hiyo anaielewa, ila kanzidata hailioni jua. Kisha akanisogezea kiti: niandike mwenyewe maelezo ya kosa, pamoja na sababu, mahali ambapo kila mtu wa kundi atasoma.

Nilidhani tungefuta seti ile nami nipumue. Kwenye kanzidata ile hakuna kufuta. Unatengeneza lebo mpya, unaweka namba sahihi zenye saa sahihi, na ile ya zamani inabaki palepale na jina lake, ili aliyekwisha kuitumia aweze kurudi na kuona alitumia nini. Niliona aibu ya kukaa humo miaka yote. Leo nadhani huo ndio uaminifu mkubwa kuliko wote niliouona katika sayansi.

Lebo mpya iliingia zikiwa zimebaki saa kumi na moja. Sampuli ikapitishwa tena, na kilele kikashuka kikakaa pale pake.

Daftari lile ninalo bado. Juu ya "saa 9 usiku" nilipitisha mstari mmoja mwembamba, ili maneno yaendelee kusomeka, na pembeni nikaandika 01:00.